Render kwa programu za Django: ijaribu bure, ila ya MoMo ilipie

Kwa mtu anayeandika Django (mfumo wa Python wa kujenga tovuti) akiwa Kampala au Mbarara, uzuri wa kwanza wa Render, huduma ya kuendesha programu mtandaoni, ni kuokoa bando. Ukisukuma msimbo kwa git, kinachopanda ni mafaili yako tu. Django, gunicorn (seva inayoiendesha Django) na maktaba nyingine zote hushushwa hukohuko kwenye seva za Render. Sharti folda ya venv, yenye maktaba ulizoshusha kwenye kompyuta yako, iwe ndani ya .gitignore (orodha ya visivyopanda), la sivyo umeila faida hiyo mwenyewe.

Kufungua huduma ni dakika chache: unganisha GitHub, chagua Web Service, kisha mkoa, yaani mahali seva ilipo. Hapa pa mkoa usiharakishe. Afrika hawana seva, na data zetu hupitia Mombasa kwenda Ulaya chini ya bahari, kwa hiyo chagua Frankfurt. Ukishapitisha Oregon huwezi kuhama. Itabidi ufungue huduma mpya. Hifadhidata nayo iwe mkoa huohuo, maana anwani yake ya ndani haivuki mkoa.

Amri ya kuwashia iwe gunicorn duka.wsgi:application, ambapo duka ni folda yenye wsgi.py. Gunicorn husoma PORT (namba ya mlango) yenyewe na kusikiliza 0.0.0.0, yaani hata maombi ya nje. Wanaoweka manage.py runserver hukwama kwa sababu hiyo husikiliza 127.0.0.1, yaani ndani ya mashine tu, na Render haioni mlango wowote. Ukipata kosa la 400, ongeza RENDER_EXTERNAL_HOSTNAME (anwani ya programu yako) kwenye ALLOWED_HOSTS, orodha ya anwani ambazo Django inazikubali. Kurasa zikitoka bila rangi wala mpangilio, umesahau whitenoise au collectstatic, vinavyotoa na kukusanya mafaili ya CSS.

Mpango wa bure hauna shell (dirisha la kuandika amri kwenye seva), basi createsuperuser, amri ya kuunda msimamizi, utaiendesha wapi? Ndani ya build.sh, faili la amri za kujenga programu: python manage.py createsuperuser --noinput, huku jina, barua pepe na nywila vikiwa kwenye vigeu vya DJANGO_SUPERUSER_. Mara ya kwanza itapita. Mara ya pili jina litakuwa limeshachukuliwa, amri itafeli, na kama faili linaanza na set -o errexit (simama amri ikifeli) toleo lako jipya halitoki. Malizia mstari wa createsuperuser kwa || true, ili kosa hilo lipuuzwe.

Sasa mtego wenyewe. Huduma ya bure hulala baada ya dakika 15 bila mgeni, na kuamka huchukua kama dakika nzima. Blogu itavumilia. Malipo hayavumilii: mteja akishaweka PIN ya MoMo (mobile money ya MTN), taarifa ya MTN kwamba amelipa inaweza kuikuta programu imelala ikapotea, pesa imekatwa na oda bado inaonyesha haijalipwa. Hata ukiwa kwenye mpango wa kulipia usiitegemee taarifa hiyo peke yake. Hifadhi X-Reference-Id (kitambulisho cha ombi) na uulize MTN hali ya requesttopay, yaani ombi la malipo, mwenyewe. Wapo wanaoigongagonga programu kila dakika 10 isilale. Saa za bure ni 750 kwa mwezi, na mwezi wa siku 31 una 744. Programu moja inatosha. Ya pili ikikeshwa hivyo, zote husimamishwa kabla ya mwezi kuisha.

Postgres (hifadhidata) ya bure ni mbaya zaidi: hukoma siku 30 baada ya kufunguliwa, unaongezewa 14 za kulipia, kisha inafutwa. Nakala ya akiba hakuna. Picha za bidhaa zilizopakiwa kwenye diski nazo hupotea kila huduma inapowashwa upya, kwa hiyo zipeleke kwenye hifadhi za mtandaoni kama Cloudinary au S3.

Seva ya Starter ni dola 7, na Postgres ndogo huanzia dola 6 kabla ya nafasi ya kuhifadhi. Kwa shilingi 3,600 kwa dola, hiyo ni kama 46,800 kwa mwezi. Wanataka kadi, si mobile money, kwa hiyo kadi isikauke siku ya makato.

Na weka TIME_ZONE = "Africa/Kampala". Kazi za cron (zinazojiendesha kwa ratiba), hata hivyo, bado zinafuata UTC, iliyo saa tatu nyuma yetu: ripoti ya SACCO inayotakiwa saa sita usiku iandikie 0 21 * * *, si 0 0 * * *, ambayo huku kwetu ni saa tisa za alfajiri.