Ngong na watoto wadogo: vilima viwili vyatosha

Nianze na jibu kwa wanaosoma wakiwa kwenye foleni. Ukiwa na watoto wa chini ya miaka saba, Milima ya Ngong, nje kidogo ya Nairobi, ni mahali pazuri mno pa kushinda siku, mradi usiende kwa nia ya kuimaliza. Wanaotaka kuhesabu vilima vyote saba mpaka Kona Baridi, mwisho wa kusini, waende na watu wazima wenzao. Sisi tulipanda viwili, tukala, tukacheza, tukarudi, na hadi leo naulizwa tutaenda tena lini. Anayeuliza zaidi ni baba watoto, ambaye Jumapili yake kwa kawaida ni ya kochi na kandanda.

Tulikuwa sisi wawili, kifunguamimba wa miaka tisa, wa kati wa sita, na kitindamimba aliyetimiza mitatu juzijuzi. Naeleza umri kwa sababu ndio unaoamua kila kitu huko juu.

Siku hizi Nairobi imejaa vikundi vya kupeleka watu milimani, na tangazo la kila kimoja lina neno "familia". Tuliwahi kwenda na kimoja, jina nalihifadhi. Basi lilikuwa safi na maji yalikuwepo, lakini kiongozi alitembea kama mtu anayemkwepa mdai. Kila tukiuliza tumebakisha kiasi gani tunajibiwa "ni hapo tu", na hapo penyewe hapafikiwi. Siwalaumu sana. Kundi la watu wengi waliolipa kutembea haliwezi kusimama kwa sababu mtoto mmoja ameona kinyonga. Basi safari hii tulijiendea wenyewe, tukachukua askari wa misitu langoni.

Msitu wa Ngong Hills uko chini ya KFS, shirika la serikali la misitu. Ada ya kuingia hulipwa kwa simu kupitia eCitizen, mtandao wa serikali wa malipo, gari lina ada yake ya kuegesha, na askari wa kuwasindikiza hulipiwa kando. Lipieni mkiwa bado nyumbani, msije mkasimama langoni na watoto wanaorukaruka huku mnasubiri ujumbe uingie. Na wapitisheni chooni pale pale, hata anayeapa kwamba hasikii haja. Juu ni nyasi tupu, hakuna kichaka cha kujisitiri, na mimi niliishia kushika leso kama pazia huku nimegeuzia macho Kajiado nzima.

Pesa ya askari ndiyo niliyoitoa kwa roho safi kuliko zote. Miaka ya nyuma kulikuwa na visa vya watu kuporwa huko, ndiyo maana wengi huenda na askari, nami nilimchukua kwa sababu hiyo hiyo. Faida niliyoipata ni nyingine kabisa: mtoto humsikiliza afande kuliko mamake. "Msikaribie ukingo" yangu haikuwa na uzito wowote. Yake, ikitoka kwa mtu mwenye sare ya kijani na bunduki begani, ilikuwa amri ya serikali.

Halafu afande wetu hakuwa na haraka. Wa kati alipomwuliza kama kuna simba, alicheka akamwambia wa kuogopwa hapa ni nyati, na mchana hujificha kwenye miti ya mteremkoni. Akachutama, akaokota kijiti, akageuza kinyesi kilichokauka juu. Chini yake kulikuwa bado na unyevu, na mbawakawa weusi wakatawanyika kila upande. Watoto wakapiga magoti kumzunguka. Mmoja wa mbawakawa alikuwa akisukuma donge kwa miguu ya nyuma, likamponyoka, likabingirika, akalifuata, akaanza upya. Tulikaa pale muda ambao kile kikundi cha kwanza kingekuwa kimeshafika kilima cha tatu.

Mwanzoni kabisa mnapita karibu na mitambo ya umeme wa upepo. Ukiwa barabara ya Ngong inaonekana midogo. Ukisimama karibu nayo, kila panga likishuka unasikia hewa inakatwa. Ni ya KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme. Miwili ya kwanza iliwekwa 1993 kwa msaada wa Ubelgiji, na leo kituo kizima kina uwezo wa megawati 25.5. Nawapa takwimu hizi kwa sababu mtaulizwa, na "ni ya serikali" haitamtosheleza mtoto wa miaka tisa.

Mitambo ile haikuwekwa pale kwa urembo. Kuna upepo, tena upepo wa kweli. Kilele cha Lamwia, kilicho mwisho wa kusini na kirefu kuliko vingine, kina mita 2,460, na Nairobi yenyewe iko kama mita 1,700, kwa hiyo mtoto wa hapa hasumbuliwi na kimo. Kinachomsumbua ni upepo na jua kwa pamoja. Baridi inamfanya asihisi jua, na jioni unamkuta masikio yamebabuka. Kofia iwe na kamba ya kufunga kidevuni. Nguo iwe ya kuvaa na kuvua kila baada ya dakika kumi, si jaketi moja zito analolivua mara moja kisha unalibeba wewe mpaka mwisho.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo sikuwahi kuambiwa na mtu yeyote aliyenisifia Ngong. Mlima wa kawaida unapanda, ukichoka unageuka, unashuka. Ngong ni mgongo mrefu wenye vilima vilivyofuatana. Unapanda kimoja, unashuka bondeni, unapanda kingine. Maana yake ni kwamba ukigeukia kilima cha nne, nyumbani hakuko chini tu. Utapanda tena cha tatu, cha pili na cha kwanza, na safari hii miguu ya mtoto imeshatumika. Ndiyo maana utaona wazazi wa heshima zao, saa nane mchana, wamembeba mtoto wa darasa la tatu mabegani huku wenyewe wanahema. Ama muwe na gari la kuwasubiri upande wa Kona Baridi, ambako ni mwendo wa kilomita kumi na zaidi, ama mgeuke mapema. Sisi tuliamua kabla ya kutoka: tunageuka mtoto wa kati akiwa bado anakimbia. Akianza kuuliza "bado?" mmeshachelewa.

Hilo lilitufikisha kilima cha pili, na hata huko tulifika kwa hadithi. Kuna simulizi ya jitu lililojikwaa na kuanguka, mkono wake ukafunikwa na udongo, vifundo vya ngumi vikabaki nje vikawa milima hii. Baba watoto aliitoa alipoona wa kati ameanza kujikokota. Basi ikawa kazi kweli: "Sasa tuko kidole gani?" Kidole cha pili kilipandwa mbio.

Kuhusu kitindamimba, tulikodi mkoba wa kubebea mtoto, ule wa fremu ya alumini wenye kiti, mkanda wa kiunoni na kijipaa cha kuzuia jua. Huu naupitia kwa kirefu kwa sababu nimeulizwa na wengi. Uzuri wake ni wa kweli. Uzito unakaa kiunoni, si mabegani, na baba watoto alimbeba kwenye mpando wote wa kwanza bila kulalamika. Una mguu wa chuma unaofunguka, ukiuweka chini unasimama, mtoto anakaa humo anakula ndizi yake. Una mfuko wa nepi na chupa.

Ubaya wake unaonekana upepo unapoanza. Mtoto anakaa juu ya kichwa cha anayembeba, hewani, bila kitu cha kumkinga. Aliyembeba anatokwa na jasho na anadhani siku ni ya joto. Mtoto aliyekaa bila kujisogeza hana joto la kujitengenezea. Baba watoto alikuwa amefungua vifungo vya shati, na huyo wa juu midomo inatetemeka. Msimpime kwa viganja, maana vya mtoto vinapoa haraka. Mtieni mkono nyuma ya shingo, ndani ya nguo. Tena miguu ikining'inia muda mrefu inakufa ganzi, kwa hiyo muulize dukani kama mkoba una vikanyagio, na mshusheni atembee kila mara. Akilala, kichwa kinaanguka upande, hivyo bebeni sweta la kukunja na kumwegemeza. Wa kwetu ulikuwa na klipu ya kifuani iliyochoka, ikawa inaachia kila baba watoto akiinama, na tulimalizia safari kwa kuifunga na kamba ya kiatu. Unapokodi, mtie mtoto ndani ukiwa bado dukani, uiname, urukeruke. Wakikushangaa, poa tu.

Kilima cha pili nilimtoa nikamfunga mgongoni kwa leso mbili. Dakika chache akalala, kapata joto langu nami nimepata lake. Leso haina kiuno cha kubeba uzito, mabega yalinikumbusha hilo kwa siku kadhaa, lakini kwenye upepo haina mpinzani. Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: mkoba wa kupandia, leso ya juu. Shosho yao alipoziona picha alisema, "Mnampandisha mtoto ghorofani kwa nini na mgongo upo?"

Mandhari mmeshaona kwenye picha za watu. Upande mmoja jiji, upande mwingine Bonde la Ufa linaporomoka, na siku ikiwa safi mnaiona milima ya Longonot na Suswa. Sisi wakubwa tulisimama tukashangaa. Watoto waliangalia, wakasema "wow", wakarudi kwenye mawe yao. Walichokipenda kuliko chote ni tiara. Tulibeba moja ya nailoni, na pale hakuhitajiki kukimbia. Unaiachia tu, inapanda yenyewe mpaka uzi unaisha kwenye kijiti. Kama mna nafasi ya kitu kimoja tu cha kuchezea, kiwe hicho.

Chakula: mandazi, mayai ya kuchemsha, njugu, ndizi, na chai ya maziwa kwenye thamosi. Maji mengi kuliko mnavyodhani, kwa sababu kwenye vilima hakuna kioski. Soda waachieni wa nyumbani. Na bebeni mfuko wa taka. Wa kati alirudi na chupa za plastiki za watu wengine akijivuna, jambo zuri kwake na la aibu kwa waliozitupa.

Wengi wananiuliza mbona si Longonot. Longonot, mita 2,776, ina faida niliyoitaja: ukigeuka ni kushuka tu. Lakini kufika ukingo wa kreta ni kama kilomita tatu za vumbi na mwinuko, na kuuzunguka ukingo ni kilomita 7.2 nyingine. Kifunguamimba wangu ataiweza, ila mdogo atakuwa mgongoni njia nzima, na si mgongo wangu. Kwa mtoto ambaye hajawahi kutembea saa nzima mfululizo, mwanzieni msitu wa Karura kwanza, pale Nairobi, kwenye tambarare na kivuli.

Msiende mvua ndefu za Machi hadi Mei. Udongo wa ile miteremko unateleza na mtoto mdogo atashuka kwa makalio. Julai kuna ukungu, mnaweza kufika juu msione hata mitambo. Januari na Februari ni pazuri, ila ondokeni mapema.

Wasio na gari: matatu za 111 zinawafikisha Ngong mjini, na kutoka hapo mpaka langoni ni mpando unaohitaji usafiri. Bodaboda watawazonga mkiteremka tu. Mkiwa na watoto, afadhali mchange teksi, na mpatane kabisa na dereva saa ya kuja kuwachukua. Mkirudi mjini Ngong nyama choma haijawahi kukosekana. Agizeni kwanza, ndipo mwanawishe watoto mikono, maana choma haina haraka na watoto wenye njaa hawana subira.

Ngong naipa nyota nne kati ya tano. Moja nimeikata kwa sababu ya kivuli. Tangu mitambo hadi kilima cha pili hakuna mti wa maana wa kuketi chini yake, na saa sita jua likisimama utosini mnatafuta pa kujificha hampaoni. Mwavuli msijisumbue kubeba. Tuliuona wa mama mmoja ukielekea Bonde la Ufa.