Pavucontrol: programu ya kufungua kwanza spika zinapotoweka kwenye Linux

Asubuhi moja niliwasha kompyuta yangu mpakato, inayotumia Ubuntu 24.04 (mojawapo ya mifumo ya Linux), nikakuta mipangilio ya sauti haitaji spika yoyote isipokuwa "Dummy Output", yaani kifaa cha kubuni ambacho mfumo hukiweka unapokosa pa kupeleka sauti. Fundi mmoja aliniambia spika zimeungua na akanitajia bei ya mpya. Kabla sijatoa hela, nilisakinisha pavucontrol, programu ya bure inayopatikana kwa amri moja tu, sudo apt install pavucontrol.

Iliandikwa kwa ajili ya PulseAudio, seva ya sauti, yaani programu ya chinichini inayopokea sauti za programu nyingine na kuzipeleka kwenye spika, lakini inafanya kazi vilevile juu ya seva mpya zaidi, PipeWire, ambayo Ubuntu imeitumia kama chaguo la kawaida tangu toleo la 22.10. Ukurasa wake wa mwisho, Configuration, ndio unaonifanya niipende. Humo nilikuta kadi yangu ya sauti imeorodheshwa bila kasoro, ila wasifu wake (profile, yaani namna kadi inavyotumika) ulikuwa "Off", yaani umezimwa. Nilipochagua "Analog Stereo Duplex", wasifu wa kutoa na kupokea sauti, spika zilirudi papo hapo, na fundi hakuhitajika tena. Mipangilio ya kawaida ya Ubuntu haikunionyesha jambo hilo hata kidogo.

Ukurasa wa Playback nao una manufaa yake. Kila programu inayotoa sauti ina mstari unaochezacheza kulingana na sauti hiyo. Mstari ukicheza nawe husikii kitu, basi sauti ipo ila huenda imeelekezwa kwingine, mara nyingi kwenye televisheni iliyounganishwa kwa HDMI, na unaweza kuihamisha hapo hapo bila kufunga programu.

Hata hivyo, nisingependa mtu aitegemee kupita uwezo wake, kwa sababu pavucontrol huona kile tu ambacho seva ya sauti imekabidhiwa na kerneli, yaani kiini cha mfumo kinachozungumza na vifaa. Kompyuta ya mdogo wangu, yenye Debian (mfumo mwingine wa Linux), ilionyesha ukurasa wa Configuration mtupu. Hapo ilibidi tufungue terminali, dirisha la kuandikia amri: amri ya aplay -l ilijibu kwamba hakuna kadi ya sauti, na sudo dmesg, inayoonyesha ujumbe wa kerneli, ikaonyesha kwamba kerneli ilitafuta faili za fimwea (programu inayoendesha kifaa chenyewe) za SOF, yaani Sound Open Firmware, bila kuzipata. Kompyuta mpakato nyingi za Intel za miaka ya karibuni, hasa zenye maikrofoni za kidijitali, haziwezi kutoa sauti bila faili hizo. Tulisakinisha kifurushi cha firmware-sof-signed, ambacho katika Debian 12 kimo kwenye sehemu ya hazina yake ya programu iitwayo non-free-firmware, tukazima na kuwasha kompyuta, kadi ikaonekana.

Kasoro nyingine inayoniudhi ni kwamba pavucontrol haina kitufe cha kuanzisha upya seva ya sauti iliyokwama, hivyo inakulazimu uandike systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber. Tena chaneli moja ya kadi ikiwa imenyamazishwa kwenye kadi yenyewe, chini ya seva ya sauti, dirisha la pavucontrol linaweza kuonekana salama kabisa. Alsamixer, programu ya terminali ya kurekebisha chaneli za kadi, ndiyo itakayokuonyesha herufi MM chini ya chaneli hiyo, nawe utabonyeza M kuifungua.

Pamoja na hayo, nimeiacha kwenye kompyuta zote mbili, na ndiyo ninayoifungua kwanza kila ninapoitwa kutazama kompyuta iliyonyamaza.