Baa ndogo ya kokteli: anza na daiquiri, kaa kaunta

Mwanga hafifu, viti kumi na viwili, menyu yenye jalada la ngozi: hayo yote mwenye pesa hununua kwa wiki moja. Unacholipia kwenye baa ya kokteli ya maana ni barafu, ndimu na mikono ya mhudumu, na vyote vitatu huonekana ukikaa kaunta. Meza ya pembeni waachie wapenzi.

Agiza daiquiri kwanza, hata kama haimo kwenye menyu. Ni ramu nyeupe mililita 60, maji ya ndimu 25, shira 20, basi. Kwa viungo vitatu tu, kosa halina mahali pa kujibanza. Je, anatumia kipimio au anamimina kwa makadirio? Mililita tano za ndimu zikizidi, meno yatakuambia. Ndimu iwe imekamuliwa siku hiyo hiyo, maana ya jana huwa imepoa ladha na kuanza uchungu. Halafu sikiliza mtikiso: sekunde 10 hadi 12, kwa nguvu, barafu ngumu ikigonga kopo la chuma la kutikisia. Kati ya robo na theluthi ya kinywaji utakachokunywa ni maji yaliyoyeyuka humo, kwa hiyo barafu iliyokwisha kulowa kwenye ndoo huharibu kila kitu: inaongeza maji kabla haijapoza. Daiquiri nzuri hufika na povu jembamba juu, glasi ikiwa imetoka kwenye friza.

Cha pili kiwe Negroni: jin, Campari (pombe nyekundu chungu ya Kiitalia) na vermuti nyekundu, mililita 30 kila kimoja. Hii hukorogwa, haitikiswi, kwa kuwa haina maji ya tunda. Angalia vermuti inatolewa wapi. Ni divai iliyoongezwa pombe, na ikishafunguliwa huchoka. Inataka jokofu na imalizwe ndani ya mwezi hivi. Chupa inayong'aa rafuni chini ya taa inapendeza kwenye picha, ila Negroni yake huwa imepoa ladha, yenye harufu ya zabibu zilizochacha.

Jiwe moja kubwa la barafu ndani ya glasi si maringo. Huyeyuka polepole kuliko vipande vidogo vya uzito huo huo, kwa sababu sehemu inayogusa kinywaji ni ndogo. Uangavu wake wa kioo hupatikana kwa kugandisha maji kutoka upande mmoja, hewa isukumwe upande wa pili, kisha upande huo ukatwe. Ladha haibadiliki kwa hilo. Ni dalili tu ya subira ya watu wa pale.

Adabu ya baa hizi inadaiwa sana Milk & Honey ya New York, aliyoifungua Sasha Petraske mwishoni mwa 1999: kuweka nafasi kabla, hakuna makelele, wanaume wavue kofia, wasijitambulishe kwa wanawake wasiowajua. Marashi makali nayo yaache nyumbani, yanaua harufu ya ganda la chungwa kwenye glasi yako na ya jirani.

Nenda wanapofungua, siku ya katikati ya wiki. Watu wanne wakiagiza vinywaji vinne tofauti usiku uliojaa, cha kwanza kitapata joto kikimsubiri cha nne. Martini, yaani jin na vermuti kavu bila barafu kwenye glasi, ndiyo huumia zaidi, hasa ikimiminwa kwenye glasi kubwa: nusu ya mwisho ni vuguvugu. Baa inayojua kazi hutumia glasi ndogo na kukuwekea kilichobaki kwenye kichupa, juu ya barafu.