Printa yangu iligoma kuskani kwa sababu ya wino wa njano

Anayetaka kujua printa hii inatoa kurasa ngapi kwa dakika akasome kwenye boksi, yameandikwa yote pale. Mimi nina jambo moja tu, na nimelibeba moyoni kwa miezi kadhaa: printa niliyoinunua kwa hela yangu ilikataa kuskani karatasi kwa sababu wino wa njano umeisha. Kampuni siitaji. Nikiitaja tutaishia kubishania jina, wakati tabia yenyewe si ya kampuni moja.

Ilikuwa jioni. Mdogo wangu alikuwa anaomba ufadhili wa masomo na dirisha la maombi lilikuwa linafungwa usiku uleule. Vyeti vyake vyote vilikuwa mezani, vimepangwa kwa mfuatano. Hatukuwa na haja ya kuchapa hata nukta. Ilikuwa ni kulaza cheti kwenye kioo, kushusha mfuniko, kubonyeza kitufe, faili liingie kwenye kompyuta, basi. Nikabonyeza. Ile taa inayotembea chini ya kioo haikuwaka. Kwenye skrini ndogo likatokea tone la njano, linawaka na kuzima, na chini yake maelezo kwamba katriji ya njano imekwisha, niweke mpya ndipo niendelee. Nikaufuta ujumbe, ukarudi. Nikachagua kuskani kwa nyeusi na nyeupe, ukarudi. Nikaizima, nikaiwasha, ikaanza milio yake ya kujisafisha, ambayo nayo inakula wino, kisha tone likakaa palepale. Mdogo wangu amesimama nyuma yangu, simu mkononi, macho kwenye saa.

Skana haitumii wino. Naomba hili lieleweke, maana hasira yangu yote iko hapa. Chini ya kile kioo kuna mstari wa taa ndogo na sensa. Taa inamulika karatasi, mwanga unarudi, sensa inaupokea na kuugeuza kuwa picha. Basi. Katriji ziko chini huko, kwenye sehemu nyingine kabisa ya mashine, na hakuna hata mrija mmoja wa wino unaopanda kwenda kwenye kioo. Ni mashine mbili zilizofungiwa kwenye ganda moja. Ni kama redio ya gari kugoma kuimba kwa sababu maji ya waipa yamekauka. Kwa hiyo mtu akiniambia hii ni hitilafu, namkatalia. Hitilafu ni kitu kuharibika, na hapa hakuna kilichoharibika. Kuna mtu alikaa akaandika amri kwamba wino ukiisha skana nayo ifungwe, mwingine akaikagua, mwingine akaipitisha, na mashine ikaingia sokoni hivyohivyo.

Nikaingia kwenye chati ya huduma kwa wateja. Kwanza nikapokelewa na roboti, ambayo kila nilichoandika ilinijibu kwa kunionyesha katriji za kununua. Baada ya kung'ang'ania sana nikapata mtu.

"Habari yako mpendwa mteja, nikusaidie nini?"

"Dada yangu, nataka kuskani. Sitaki kuchapa. Printa inadai wino wa njano."

"Pole kwa usumbufu. Tafadhali weka katriji mpya, halisi, ya kampuni yetu, kisha ujaribu tena."

"Nimekuelewa, lakini skana inahitaji wino wa nini?"

Kimya. Vile vinukta vitatu vikacheza, vikapotea, vikacheza tena. Halafu: "Kifaa kimetengenezwa hivyo ili kulinda ubora."

Ubora wa nini? Nikamuuliza. Ubora wa cheti ambacho hakijaskaniwa? Akaniletea kiungo cha mpango wa kulipia wino kila mwezi, kwamba nikijiunga sitapata tena "usumbufu huu". Nikamwambia nina mtoto hapa anakaribia kukosa shule, naomba tu njia ya kuupita ujumbe kwa usiku mmoja. Jibu lake nalikumbuka neno kwa neno: "Kama kifaa hakikidhi mahitaji yako, unaweza kutafuta kingine." Nilikuwa bado naandika alipofunga mazungumzo. Kikaja kisanduku kinaniomba nimpe nyota.

Nimejaribu kumtetea yule dada. Anasoma alichopewa asome, na pengine siku hiyo alishatukanwa na wengi kabla yangu. Sawa. Lakini kumfungia mtu mlango akiwa katikati ya sentensi hakuandikwi kwenye mwongozo wowote, hiyo ilikuwa ya kwake, na bado inaniuma.

Maombi tuliyatuma. Tulipiga vyeti picha kwa simu, kivuli cha mkono wangu kikiwa pembeni ya kila kimoja, na mfumo ukavipokea dakika za mwisho kabisa.

Kesho yake nikaitoa ile katriji ya njano, iliyosemekana imekwisha, nikaipasua kwa kisu juu ya gazeti. Ndani kuna sifongo. Nikaiminya kwa vidole na njano ikanitiririka hadi kwenye kiganja, ikachirizika mpaka kwenye saa. Haikuwa michirizi ya kukombeleza, ilikuwa wino. Ndipo nikajua kwamba katriji nyingi za aina hii hazipimi wino uliobaki. Ubavuni zina kichipu cha dhahabu kidogo kuliko ukucha, na hesabu inayotunzwa humo ni makadirio ya matone yaliyotumika. Hesabu ikifika mwisho, wino umeisha kwa sheria ya kampuni, hata kama sifongo bado inadondosha. Na matone hayo huhesabiwa hata yale yanayomwagwa wakati wa kusafisha vichwa, yaani sehemu inayotema wino kwenye karatasi, ndiyo maana mtu anayechapa barua nyeusi tupu anashangaa rangi zinaisha.

Baada ya hapo nikaanza kusoma habari za hizi kampuni za printa, na usingizi ukapaa. Kumbe hata hili la skana si langu peke yangu. Mwaka 2021 Canon ilifunguliwa kesi Marekani, mlalamikaji akidai printa yake haiwezi kuskani bila wino. HP nayo ikaburuzwa mahakamani hukohuko kwa madai ya namna ileile. Septemba 2016 watu wengi waliokuwa wanatumia katriji za bei nafuu za kampuni nyingine kwenye baadhi ya printa za HP waliamka wakakuta zimekataliwa, kwa sababu ya programu iliyokuwa imeingizwa kwenye mashine zao miezi kadhaa nyuma ikisubiri tarehe. Fikiria hilo. Mashine iko nyumbani kwako, unaitumia kila siku, na ndani yake kuna siku imeshapangwa ya kukugeuka. HP iliomba radhi kwa jinsi ilivyowasiliana na wateja, mfumo wenyewe ikauendeleza, na Desemba 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia ikaipiga faini ya yuro milioni 10 kwa mambo hayahaya ya katriji.

Lexmark ilikwenda mbali zaidi, ikamshtaki muuzaji wa katriji zake zilizojazwa upya. Mei 2017 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaamua kwamba mwenye hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, akishauza kitu, haki yake ya hataza juu ya kitu hicho imekwisha. Niliposoma hivyo nilifurahi kwa muda mfupi, kisha nikagundua kuwa hukumu hiyo haiilazimishi kampuni yoyote kuondoa chipu inayoifanya mashine ikatae katriji ya mwingine.

Lililonimaliza kabisa ni la mwaka 2022. Chipu zilipoadimika duniani, Canon ikajikuta inauza katriji za tona, yaani zile za wino wa unga, zisizo na chipu, na mashine zake zikaanza kutoa onyo dhidi ya katriji za Canon yenyewe. Ikabidi kampuni iwaeleze wateja wake wa Ujerumani namna ya kulipita onyo hilo, na ikakiri kwamba ubora wa kuchapa hauathiriki. Sasa "kulinda ubora" niliyoambiwa mimi ilitoka wapi? Wenyewe walipozikosa chipu, njia ya kupita ilikuwepo siku zote. Mimi niliiomba kwa usiku mmoja nikafungiwa mazungumzo.

Nilikuwa nimeshaandika nyota moja hapa, nikaifuta. Niliifuta kwa sababu haki ni haki: kwa kuchapa, mashine hii sijaona mfano wake. Nilitoa picha ya marehemu bibi, ile ya zamani iliyopauka, na ngozi yake ikatoka na rangi yake ya kweli, mikunjo ya kilemba unaihesabu. Mama aliishika akakaa nayo kimya muda mrefu. Waliotengeneza vile vichwa vya wino ni mafundi haswa na sitawanyima sifa yao. Kwa hiyo nikasema nyota tatu. Labda hata nne kwa mtu anayechapa picha tu na asiyejali gharama ya wino.

Halafu, wakati natafuta maneno ya kuwasifu, skrini ikawaka yenyewe. Sasisho jipya liko tayari. Vitufe viwili: "Sakinisha sasa" na "Nikumbushe baadaye". Kitufe cha "Hapana" hakipo. Haielezi sasisho linabadilisha nini, linasema tu "maboresho ya utendaji". Nimeshasoma ya 2016, najua maboresho yanaweza kuwa nini. Nikachomoa waya.

Hapo nikakumbuka alichosema Enrique Lores, aliyekuwa mkuu wa HP, Januari 2024: kwamba kila anayenunua printa ni uwekezaji wao, na asiyechapa vya kutosha au asiyetumia wino wao ni uwekezaji mbaya. Alisema pia lengo lao la muda mrefu ni kufanya uchapaji uwe wa kulipia kama usajili. Hakuwa anaizungumzia printa yangu. Lakini ilinieleza yule dada, ilieleza kile kiungo cha malipo ya kila mwezi, ilieleza na lile tone la njano. Nilidhani nimenunua mashine. Kwao ilikuwa ni bomba la kunyonyea, na mimi ndiye niliyeunganishwa upande wa pili. Nyota moja, na hiyo ni ya picha ya bibi.

Wengi wameniambia nihamie kwenye zile za matangi, unamimina wino kutoka kwenye chupa na hakuna katriji wala kichipu cha katriji. Zinaonekana nafuu kwelikweli na huenda nikahamia. Ila nazo zina pedi ndani inayonyonya wino wa kusafishia, na zipo ambazo kihesabio cha pedi kikijaa mashine nzima inasimama. Ulizeni hilo mapema, na muulize kama pedi inabadilishwa na mtumiaji mwenyewe.

Na kwa anayekwenda kununua printa ya kuskani na kuchapa kwa pamoja, mwambie muuzaji aiwashe mbele yako. Mwambie atoe katriji moja, yoyote ile, aiweke juu ya meza. Kisha alaze karatasi kwenye kioo abonyeze skani. Taa isipotembea, mrudishie boksi lake.