Karabini ya risasi za bastola: ipi ununue ukiwa Marekani

Kabla hujatazama bei, fungua kabati uhesabu magazini (visanduku vya risasi vinavyochomekwa kwenye silaha) za bastola ulizonazo. Hapo ndipo karabini, yaani bunduki fupi ya begani, inapochaguliwa, kwa kuwa nyingine hutumia magazini hizohizo.

Karabini za milimita 9 zinapendwa kwa sababu zinakula risasi ileile ya bastola, tena nafuu. Wapo wanaobisha kwamba hazina kazi, kwamba AR-15, bunduki ya begani yenye risasi kali zaidi, inazishinda kwa nguvu. Kwa nguvu ni kweli. Lakini ukimfundisha mke au mdogo wako ambaye hajawahi kushika bunduki, mlio mdogo na teke dogo begani ndivyo vitakavyomrudisha renji (uwanja wa shabaha) wiki ijayo.

Ya kwanza kwangu ni Ruger PC Carbine, iliyotoka mwishoni mwa 2017. Tundu lake la magazini linabadilishwa: unaweka la magazini za Ruger au la magazini za Glock. Mwenye bastola ya Glock 17 au 19 hanunui magazini nyingine hata moja. Inatenganishwa vipande viwili kwa mkono mtupu. Ina kilo 3 na ushei, na uzito huo ndio unaoituliza begani. Bunduki nyingi za aina hii hutegemea uzito wa bolti (chuma kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka) peke yake, kwa hiyo husukuma bega kuliko unavyotarajia kwa risasi ndogo. Ruger wametia kipande cha tungsteni, metali nzito, ndani ya bolti kumeza teke hilo, na ukifyatua utalihisi jambo hilo mara moja.

Inayobishaniwa ni Smith & Wesson M&P FPC ya 2023, iliyoanza kwa dola 659. Naipa nafasi ya pili. Inakunjwa ubavuni, hivyo darubini ya nukta nyekundu, kifaa cha kulengea, inabaki pale pale ulipoifunga. Kitako kinabeba magazini mbili za akiba, na bunduki nzima ni kama kilo 2.3 tu. Shida yake ni moja, nayo ni kubwa: inakubali magazini za M&P pekee. Mwenye bastola ya M&P aipandishe iwe ya kwanza bila kusita. Mwenye Glock ataanza kununua upya, na wenye Glock ni wengi mno. Sioni soko likiisamehe hilo.

Kel-Tec SUB-2000 ni ya tatu. Haifiki kilo 2, inakunjwa katikati na kuingia kwenye mkoba wa kompyuta. Toleo la pili likikunjwa, mtutu wake hupita juu, darubini lazima ivuliwe. Binamu yangu aliivua na kuifunga mara tatu asubuhi moja, kila mara akianza kulenga upya, mpaka boksi la risasi 50 likaisha. Toleo la tatu limetibu hilo kwa kuzungusha sehemu ya mbele, kwa hiyo usinunue la pili kwa kuvutiwa na punguzo.

Hi-Point 995 ni ya mwisho: ya bei nafuu kuliko zote, magazini ya risasi 10.

Zote mitutu yake inazidi inchi 16, kiwango ambacho sheria ya shirikisho inadai kwa bunduki ya kawaida ya begani. Mwenye kadi ya kijani (ukaazi wa kudumu) anaruhusiwa kununua. Aliye na viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi. Na ukiwa California, kitako kinachokunjwa kinaweza kukuingiza matatani, kwa hiyo muulize muuzaji kabla hujalipa.