Kunoa misumeno ya mkanda Mafinga: jiwe lao ni zuri, kipimo cha meno bado

Karakana ninayoizungumzia iko Mafinga, mji ambao malori ya magogo na mbao kutoka shamba la miti la Sao Hill na mashamba ya watu binafsi ya Mufindi hayakauki barabarani. Inanoa misumeno ya mkanda tu, ile ya mashine za kuchana mbao zinazohamishwa hadi gogo liliko. Wenye dingidong, mashine ndogo za kuchana mbao kwa msumeno wa duara, hawaihitaji, kwa kuwa msumeno wao hupigwa tupa palepale. Lakini mkanda wenye upana wa milimita 32 au 38, na unene unaozidi milimita moja kidogo tu, hauvumilii tupa ya kubahatisha.

Kinachonirudisha kwao ni jiwe la kunolea. Haliishii kwenye ncha, bali hupita kwenye uso wa jino, likashuka hadi chini ya bonde lililo kati ya jino na jino na kupanda mgongo wa jino linalofuata, huku mafuta ya kupoza yakimiminika muda wote. Nyufa nyingi huanzia chini ya bonde hilo, kwa sababu mkanda hukunjwa na kunyooshwa kila unapozunguka magurudumu, na kuondoa tabaka jembamba la chuma kilichochoka hurefusha maisha yake. Mnoaji mwingine, ambaye sina haja ya kumtaja, aliwahi kunirudishia mkanda wenye mabonde yaliyogeuka rangi ya bluu. Chuma kilikuwa kimeungua, na meno ya namna hiyo hukatika yakikutana na fundo la kwanza.

Fundi wa hapa pia hukagua kabla ya kunoa. Huugeuza mkanda ndani nje, akaupitisha taratibu chini ya taa, kidole kikifuata mabonde. Wangu mmoja aliukataa kwa ufa mwembamba kama unywele, akaniomba ruhusa ya kuukata vipande ili usije ukarudishwa kazini na kijana asiyejua. Alikosa pesa ya kunoa, lakini mkanda kukatika mashine ikiwa kwenye mwendo si jambo la kujaribu.

Hata hivyo, jiwe zuri halimsaidii mteja anayeleta mkanda baada ya mbao kuanza kutoka na mawimbi. Huyo amechelewa: makali butu yameshaufanya mkanda upate moto na kuvutika kupita kiasi, na fundi atalazimika kula chuma kingi ili kuyafikia makali mapya. Dalili huja mapema kwa anayezitazama. Kichwa cha mashine huwa kizito kusukuma, injini hulemewa katika gogo lilelile lililokuwa likipita vizuri, unga wa mbao huwa laini kama wa sembe badala ya chembechembe, na mkanda huanza kupanda ukifika kwenye fundo. Kwa misindano (misonobari) safi, mimi hubadilisha baada ya saa moja na nusu hadi mbili za kuchana, hata kama bado unakata. Kwa milingoti (mikaratusi) iliyokauka, mapema zaidi. Gogo lililoburutwa kwenye udongo bila kuoshwa wala kutolewa magome linaweza kuumaliza mkanda kwa dakika chache, maana mchanga hauna huruma na chuma chochote.

Lawama yangu ni juu ya upindaji wa meno. Kila mkanda unaponolewa, jino hufupika na ule mpindo wa kushoto na kulia hupungua, kwa hiyo meno yanapaswa kupimwa na kupindwa upya kabla ya kufika kwenye jiwe. Hapa hawafanyi hivyo mpaka uagize. Nilirudishiwa mkanda mkali ajabu uliokuwa ukivuta upande mmoja. Kipimo kilionyesha milimita 0.6 kushoto na chini ya 0.4 kulia. Waliurekebisha bila malipo, lakini gogo zima lilikuwa limeshaharibika, na hasara hiyo haimo kwenye bei yao, ambayo kwa kweli ni sehemu ndogo tu ya bei ya mkanda mpya.

Peleka mikanda yako ikiwa imesafishwa utomvu, na utamke wazi kwamba unataka meno yapimwe. Ninawapa nyota nne kati ya tano. Ya tano wataipata siku watakapoandika kipimo cha kushoto na cha kulia kwenye kile kikaratasi wanachofunga kwenye kila mkanda.