Viatu kwa mwenye ganzi ya miguu: cha kununua na cha kuacha katika soko la Mlango Mmoja, Mwanza

Kwa anayetaka jibu la haraka: raba ya mtumba yenye kamba, soli nene na iliyo pana mbele ndiyo inayoongoza. Inafuata sendo ya kushonesha kwa fundi, yenye mkanda wa nyuma na sponji ndani. Katambuga za tairi zinafaa kwa masharti. Yeboyebo ibaki bafuni. Kandambili kwa mguu uliopoteza hisia tunaikataa kabisa, hata kama ni ya kutoka chumbani hadi uani.

Ganzi ina vyanzo vingi. Kisukari ndicho kikubwa, lakini wapo walioipata kwa VVU, kwa pombe, kwa ukoma, kwa upungufu wa vitamini B12, au kwa kutumia dawa ya TB ya isoniazidi bila kupewa vitamini B6. Kiatu hakiulizi chanzo. Mishipa ya fahamu ikishachoka, mguso mwepesi haufiki tena kichwani. Kinachofika ni mkandamizo mzito tu. Ndiyo maana wenye ganzi wengi huchagua kiatu kidogo: kile kinachobana ndicho pekee wanachokihisi, basi huona kimewakaa sawa. Kiatu cha saizi yao halisi huwa kama hawajavaa kitu. Kwa hiyo ukienda sokoni, usiuulize mguu. Uliza boksi, mkono, na jicho la mwenzio.

Boksi, yaani kipimo cha kadibodi, linatengenezwa nyumbani. Chukua kadibodi, simama juu yake kwa miguu yote miwili, uzito umegawanyika sawa, na mtu mwingine azungushe kalamu ya risasi iliyosimama wima. Ukijichora mwenyewe utainama, mguu utabadilika umbo na kipimo kitadanganya. Chora mguu wa kulia na wa kushoto, maana mara nyingi hailingani, kisha ongeza sentimita 1 hadi 2 mbele ya kidole kirefu kuliko vyote, ambacho kwa wengine si kidole gumba. Kata. Fanya kazi hii alasiri, wakati miguu imeshavimba kidogo kwa shughuli za siku, na kununua pia kuwe alasiri. Dukani unatoa soli ya ndani na kuiweka juu ya kadibodi: kadibodi ikichomoza pembeni, kiatu ni chembamba. Kama soli ya ndani haitoki, ingiza kadibodi kwenye kiatu. Ikijikunja kingo, rudisha. Muuzaji akisema, "Kitajitanua chenyewe, mama," mshukuru na uweke chini. Ni kweli kitajitanua, ila kitatanuliwa na ngozi yako.

Sasa mitumba. Raba nzuri Mlango Mmoja zipo, na kwa ubora wa soli zinazidi viatu vingi vipya vya bei ya chini. Kasoro zake zimejificha ndani. Ya kwanza ni karatasi: raba nyingi husokomezwa magazeti au nailoni puani ili zisimame vizuri kwenye meza, na kipande kikibaki mguu wenye ganzi utakikanyaga siku nzima bila kujua. Ingiza mkono hadi mwisho, uzungushe vidole juu, chini na pembeni, utafute karatasi, mshono uliovimba, kitambaa kilichokunjamana, kijiwe. Ya pili ni unyayo wa mwenye kiatu wa kwanza. Soli ya ndani iliyotumika ina mashimo ya vidole na kisigino vyake, na mguu wako hautayaingia sawasawa. Ing'oe, fundi akukatie mpya ya sponji isiyo na kingo. Ya tatu ni soli iliyozeeka. Baadhi ya sponji za raba huoza zikikaa muda mrefu hata bila kuvaliwa. Bonyeza ukuta wa soli kwa ukucha: ikiacha alama isiyorudi, au ikitoa unga na nyufa, itabomoka barabarani. Mwisho, shika kisigino na pua ukikunje: kikunjike pale vidole vinapoanzia. Kikikunjika katikati kama chapati, hakina mhimili.

Katambuga zina sifa yake, na kwa njia za mawe za Mabatini, Igogo au Isamilo sifa hiyo si ndogo: mwiba, kizibo cha soda na hata msumari mfupi havipenyi tairi kirahisi. Hatari inatoka kwa katambuga yenyewe. Tairi nyingi za magari zina nyaya nyembamba za chuma ndani ya mpira, na zinapokatwa ncha zake hubaki pembeni, nyembamba kama sindano. Pia mikanda hupigiliwa misumari, na baada ya wiki kadhaa za kuvutwa misumari hupanda juu. Chukua pamba au soksi kuukuu ya nailoni, ipitishe taratibu ndani yote ya katambuga na kwenye kingo. Panapokwama, pana ncha. Kipimo hiki kirudiwe kila wiki. Mwombe fundi tairi la nyuzi badala ya la waya, mikanda ishonwe badala ya kupigiliwa, na juu ya tairi abandike sponji yenye unene wa sentimita 1 hivi, maana tairi peke yake ni gumu na halimezi kishindo cha hatua.

Yeboyebo inakausha maji haraka na haitelezi sana, kwa hiyo bafuni ni bora kuliko miguu mitupu. Lakini tazama kingo za matundu yake kwa karibu: plastiki ilipotoka kwenye umbo imeacha ukingo mkali kama kisu cha karatasi. Mchana kutwa, jasho likichanganyika na ukingo huo, malengelenge hayako mbali.

Kandambili inashikiliwa na vidole. Mguu wenye ganzi hukunja vidole bila kujua ili isichomoke, ncha zake zinasagika, na ule mpira wa katikati unakata pale ambapo hakuna anayepaangalia. Mbaya zaidi, inachomoka mguuni na mtu anaendelea kutembea. Mchana wa jua kali, juu ya mawe yetu haya au mchanga wa ufukweni, hatua chache za mguu mtupu zinatosha kuunguza unyayo. Pale Mwaloni, kwenye soko la samaki, kuna mifupa na miiba ya samaki pia.

Viatu vya ngozi vyenye pua iliyochongoka, tuviruke.

Kwa fundi wa sendo, maelekezo yawe mafupi: mbele pafunikwe, mikanda miwili mipana ya kunata (ile inayolia ukiifungua) ili irekebishike mguu ukivimba, mkanda wa nyuma, mishono yote itazame nje, na hakuna msumari. Mkanda usipite juu ya mfupa wa kidole kidogo. Yote haya ni kwa mguu uliokufa ganzi lakini ngozi ni nzima na umbo halijabadilika. Aliyewahi kupata kidonda cha unyayo, aliyekatwa kidole, au mwenye mguu uliobonyea asinunue sokoni wala asimwachie fundi wa mtaani kuchonga soli. Aulize hospitali ya rufaa wataalamu wa viungo bandia na vifaa tiba, wale wanaosomea kazi hiyo katika chuo cha TATCOT, Moshi.

Na mwenzio? Anayefaa zaidi ni mgonjwa mwenzako wa kliniki. Ndugu wa nyumbani atauliza, "Kinabana?" nawe utajibu hapana kwa nia njema kabisa. Mwenye ganzi hakuulizi hivyo, anajua jibu halina maana, anaingiza mkono. Wala hatakwambia miguu inayowaka moto usiku ni uvivu au umerogwa. Mnapokaa foleni siku ya kliniki, mchague mmoja ambaye vidole vyake vya mikono bado vina hisia, kwa sababu ganzi ikishapanda miguuni hadi karibu na magoti huanza kugusa mikono, na macho ya wenye kisukari nayo huweza kufifia. Nendeni sokoni wawili, kila mmoja akikagua kiatu cha mwenzake.

Kazi hiyo inaendelea baada ya kununua. Siku ya kwanza kivae kwa muda wa saa 1 tu, ndani ya nyumba. Vua, mwenzio akague unyayo, kati ya vidole na kisigino. Wekundu ukikaa zaidi ya dakika 30, kiatu kinagandamiza. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo atumie mgongo wa mkono: apapase mahali palepale kwenye miguu yote miwili, na palipo na joto zaidi ya upande wa pili pana tatizo. Ngozi inayong'aa kupita kawaida nayo ni dalili. Ikiwa salama, ongeza saa 1 kila siku. Kikishaanza kuumiza hakivaliwi tena kwa matumaini kwamba kitalainika, na lengelenge lisitumbuliwe nyumbani. Ni la kupeleka kliniki siku hiyohiyo.

Soksi zinunuliwe pamoja na kiatu: za pamba, zisizo na lastiki kali, zivaliwe nje ndani ili mshono uwe nje. Hii huwafaa hasa wale ambao hata shuka ikigusa vidole inawachoma. Chagua nyeupe au krimu. Tone la damu au usaha kwenye soksi nyeusi halionekani, na kwenye nyeupe utaliona jioni ileile unapoivua.